Maswali na majibu: Dalali anasifiwa, LC1 ana muhuri. Je, ninunue nyumba?

Swali: Nataka kununua nyumba Matugga, hapa Uganda, kwa shilingi milioni 180. Dalali niliyempata anasifiwa na majirani zangu hapa Bombo. Anasema mwenye nyumba ana hati, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) atapiga muhuri, na wakili anayefanya naye kazi atatuandikia mkataba sote wawili ili nisiingie gharama. Anataka milioni 10 wiki hii za kushikilia nyumba, maana kuna mnunuzi mwingine. Nitamtambuaje dalali mzuri? *Mama wa Bombo*

Jibu: Mama, milioni 10 hizo zisitoke kwanza. Nashukuru umeuliza mapema, kwa sababu wengi hufika ofisini kwangu wakiwa na risiti mkononi na mwenye nyumba hapokei simu tena.

Sifa za majirani zinakuambia dalali ana adabu. Kuhusu ardhi anayoiuza hazikuambii kitu. Hapa ndipo watu wanaponiumiza moyo: wanaamini wakipata dalali mwaminifu, basi na hati ni safi. Dalali mwaminifu kabisa anaweza kukuuzia ardhi yenye mgogoro bila yeye kujua, kwani habari alizonazo amepewa na dalali mwenzake, naye amepewa na shemeji wa mwenye nyumba. Kazi yake ni kukutanisha muuzaji na mnunuzi. Uchunguzi wa hati ni kazi yako na wakili wako, na hakuna uzuri wa dalali unaoweza kuuziba pengo hilo.

Muhuri wa LC1 nao umepewa uzito usio wake. Mwenyekiti anaweza kuthibitisha kwamba anamfahamu muuzaji na anajua anakaa wapi. Kama hati iko rehani benki, kama ina kaveati (zuio lililosajiliwa dhidi ya hati), au kama rejista ina jina la mtu mwingine, muhuri hausemi. Hayo yako katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi. Unapeleka namba ya bloku na ploti, unalipa ada ambayo ni ndogo sana mbele ya milioni 10, unapewa ripoti ya upekuzi.

Kwa hiyo mpime dalali kwa jambo hili: mwombe namba hizo na nakala ya hati leo. Akikwambia ulipe kwanza ndipo uione hati, achana naye. Wapo wanaoficha namba kwa hofu kwamba utamzunguka uende kwa mwenye nyumba peke yako, na hofu hiyo naielewa. Iondoe kwa karatasi: andikianeni kamisheni yake ni kiasi gani, nani anailipa, na kwamba atalipwa uhamisho ukishasajiliwa kwa jina lako. Asilimia 5 ndiyo inayozungumzwa mara nyingi, yaani milioni 9 kwa nyumba yako. Halafu bei isikie kwa mdomo wa mwenye nyumba mwenyewe. Kuna nyumba ambazo mwenyewe anataka milioni 150, na hizo 30 za juu dalali anazila kimya kimya, kisha anadai kamisheni vilevile.

Wakili wa "sote wawili" mkatae. Anayeletewa wateja na dalali hatakwambia usinunue. Tafuta wako, na hakikisha ana cheti cha kufanyia kazi cha mwaka huu. Mawakili na wapima ardhi wanasajiliwa na kuadhibiwa kwa mujibu wa sheria. Madalali wana chama cha hiari, AREA Uganda (chama cha mawakala wa nyumba na ardhi), na humo wapo watu makini, lakini wengi wanaokusimamisha njiani si wanachama. Angalia pia kama anakuomba kitambulisho: Sheria ya Kuzuia Utakatishaji Fedha ya 2013 inawataja mawakala wa nyumba miongoni mwa wanaotakiwa kuwatambua wateja wao.

Sasa nenda Matugga bila dalali, asubuhi ya siku ya kazi. Upekuzi hauonyeshi kibanja, yaani sehemu anayokaa au kulima mtu kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mwingine, na sehemu kubwa ya ardhi ya huko ni mailo, umiliki wa Buganda ambao vibanja ni vya kawaida. Zunguka nyuma ya nyumba. Ukikuta matuta ya viazi au migomba iliyopogolewa juzi, muulize mwenye duka la jirani ni ya nani. Mwenye kibanja analindwa na Sheria ya Ardhi ya 1998 na marekebisho yake ya 2010: hatolewi ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu moja tu, kutolipa busuulu (kodi ndogo ya ardhi ya kila mwaka). Ukinunua hati, unanunua na yeye. Tena mpeleke mpima afungue mipaka na kutafuta mawe ya mipaka. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni takriban desimali 11 na nusu (desimali moja ni sehemu ya mia ya ekari). Nimeona ukuta mzuri uliojengwa ndani ya ploti ya mwingine.

Kama familia inaishi humo, mke au mume wa muuzaji lazima aridhie kwa maandishi. Kama nyumba ni ya marehemu, anayeuza aonyeshe barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. "Watoto wote wamekubali" si barua.

Na ninyi mnaouza, nawasihi: msimpe dalali hati asilia "akamwonyeshe mnunuzi". Hati inaondoka halisi inarudi ya bandia, karatasi ileile, rangi ileile, na mwenye mali anaifungia kabatini miaka bila kujua kwamba ardhi yake imekwisha kuwekewa mkopo na mtu asiyemjua. Msitie sahihi fomu ya uhamisho ikiwa na nafasi tupu, wala msimpe dalali karatasi ya mamlaka ya kuuza kwa niaba yenu kwa sababu mko Juba au Dubai na safari ni ghali. Hati asilia ikae kwa wakili wenu au benki hadi siku ya malipo. Mnunuzi mpeni nakala. Akitaka uhakika, bloku na ploti zimeandikwa humo, na ofisi ya ardhi haihitaji hati yenu asilia ili kumfanyia upekuzi.