Masizi kwenye theluji ya Antaktika: yametoka mbali au ni ya jenereta yetu?

Swali: Tunapima masizi kwenye theluji kuzunguka kituo cha utafiti Antaktika. Sampuli za eneo moja zinapishana hadi mara kumi, na zilizoyeyushwa mapema huonyesha kiasi kidogo zaidi. Tunakosea wapi?

Jibu: Kwanza upepo. Theluji safi ya Ncha ya Kusini ina takriban nanogramu 0.1 hadi 0.3 za masizi kwa kila gramu, hivyo moshi kidogo tu wa dizeli unatosha kufunika kile kilichosafiri kutoka mabara mengine. Chukueni sampuli upande upepo unakotoka. Skuta ya theluji iachwe nyuma, upepo uupeleke moshi wake mbali nanyi, kisha mmalizie kwa miguu na kuchota mkiukabili upepo. Ili kumjua mhusika, pimeni pia upande wa pili, kwenye mstari mmoja: mita 100, 500, kilomita 1, 3 na 10 kutoka kituoni. Masizi yakipungua kadiri mnavyosogea mbali, ni ya kwenu.

Kuyeyusha mapema ndiko kunakowapotezea masizi. Theluji ikishakuwa maji, chembe hunata kwenye kuta za chombo, hasa cha plastiki, na huzidi kushikamana kadiri maji yanavyokaa. Kugandisha upya ni kubaya zaidi: barafu inapojijenga huzisukuma chembe pembeni, zikabanana na kuwa mabonge, na kifaa kinachohesabu chembe mojamoja hakiyaoni mabonge makubwa. Kwa hiyo sampuli ibaki imeganda, nyuzi −20 au chini yake, hadi siku ya kuchuja. Iyeyusheni haraka kwenye chupa ya glasi, chujeni papo hapo, suuzeni chupa kwa maji safi ya maabara na kuyapitisha kwenye kichujio kilekile.

Choteni theluji ya kutosha. Kwa kiwango cha nanogramu 0.2 kwa kila gramu, kilo 2 zina mikrogramu 0.4 tu za masizi, na hiyo ni karibu na ukomo wa vipimo vingi vya kuchoma kichujio ili kujua kaboni iliyomo. Vichujio vya nyuzi za kwatsi vilevile hupitisha chembe ndogo. Wekeni cha pili chini ya cha kwanza mjue kinachovuja. Kila siku ya kazi pitisheni pia maji safi matupu kwenye vyombo vilevile. Kama nayo yanatoa masizi, namba za siku hiyo haziaminiki.