Usichague Kozi kwa Jina Lake

Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne. Wiki iliyopita alikuja akaketi nami barazani, simu mkononi, ukurasa wa KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi wa Kenya vyuoni, uko wazi. "Mjomba, nataka kufanya kazi ya data kama wewe. Nichague kozi gani?" Majina yalikuwa mengi: Sayansi ya Data, Takwimu, Sayansi ya Kompyuta, Teknolojia ya Habari, Hesabu za Bima, Uchumi. Niliyomwambia nayaandika hapa, kwa sababu Malindi na Lamu wako vijana wengi wenye swali hilo na hawana mjomba wa kumuuliza.

Mimi nilisoma teknolojia ya habari. Nikajua kuunganisha mitandao, kutengeneza tovuti na kutunza hifadhidata. Takwimu nilisoma muhula mmoja tu; nikakariri fomula, nikapita mtihani, zikanitoka. Pengo hilo nililiona hapa hapa nyumbani, siku wavuvi waliponiomba niwapigie hesabu ya samaki wao.

Walinipa daftari la karani wa mizani, kurasa zimekunjamana kwa maji ya chumvi. Mtazame mvuvi mmoja kwa siku sita: kilo 30, kilo 24, 0, halafu siku mbili hapakuandikwa kitu, na ya mwisho kilo 18. Wastani wake kwa siku ni kilo ngapi? Ukitia sifuri kwenye zile nafasi tupu, utapata 12. Ukiziacha tupu, programu ya jedwali itaziruka na kukupa 18. Ukiifuta na ile 0 ukidhani karani alikosea, utapata 24. Kompyuta haigombi na mtu. Lolote utakalotaka itakupa.

Nilitia sifuri kila mahali, nikawaambia wavuvi kwamba miezi ya upepo wa kusi samaki walikuwa wameadimika vibaya. Mzee mmoja akaliangalia jedwali langu kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, siku hizi hatukutoka. Kusi ilikuwa kali. Utasemaje tumekosa samaki?"

Nilirudia kazi yote. Sifuri ni mtu aliyetoka akarudi mikono mitupu. Nafasi tupu ni mtu ambaye hakutoka, au karani ambaye hakuwepo. Tena si kwamba 12 ni kosa na 18 ni sahihi. Mke wa mvuvi anayepanga matumizi ya nyumba anaihitaji 12, mradi ithibitike kwamba siku zile mumewe hakutoka kweli. Anayetaka kujua hali ya samaki baharini anaihitaji 18. Kuijua tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe, na somo linaloifundisha ni takwimu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chagua kozi ambayo takwimu na hesabu ndizo kiini chake, na uandishi wa programu uwe pembeni yake. Python na R, lugha za kuandikia programu, ni za bure, na kijana mwenye bidii anaweza kujifunza mwenyewe. R yenyewe ilianzishwa na wanatakwimu wawili, Ross Ihaka na Robert Gentleman, katika chuo kikuu cha Auckland, New Zealand. Nadharia ya uwezekano, yaani hesabu za kupima jambo lina nafasi gani ya kutokea, ni jambo jingine. Niliisoma peke yangu usiku baada ya kazi kwa miaka miwili, na sikutamanii hali hiyo.

Kabla ya kujaza chaguo lako, tafuta orodha ya masomo ya kozi mwaka kwa mwaka. Tafuta kalkulasi, aljebra ya mstari, uwezekano, regresheni (kupima jambo moja linavyobadilika pamoja na jingine), uchukuaji wa sampuli, hifadhidata, na angalau masomo mawili ya kuandika programu. Kozi inaweza kuitwa Sayansi ya Data na ndani yake kuna takwimu kidogo tu, hiyo iepuke. Uchumi wenye ekonometria (takwimu za kupimia mambo ya uchumi) ya kutosha huenda ukakufaa zaidi. Hesabu za Bima zina uwezekano mwingi na ni mlango mzuri. Sayansi ya Kompyuta inafaa ikiwa utaruhusiwa kuongeza takwimu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, karibu na nyumbani, lakini nacho kipime kwa kipimo hicho hicho. Kama alama ya hesabu haikutosha, anzia diploma. Njia ni ndefu zaidi lakini inafika.

Wakati unasubiri chuo, pakua majedwali ya sensa ya 2019 kutoka KNBS, shirika la takwimu la taifa la Kenya. Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920, Kilifi 1,453,787. Mpwa wangu ameanza na hayo. Jana aliniambia ameona Kilifi ina nyumba nyingi zaidi zisizo na umeme kuliko Lamu. Nikamwambia agawanye kwanza kwa idadi ya nyumba za kila kaunti, kisha aje tuzungumze.