Mwongozo Mmoja kwa Mgeni na Mzoefu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika duka linalouza na kutengeneza mashine za EFD za kutolea risiti. Nimewaandikia wateja mwongozo wa kurasa 40. Wenye maduka wanaoishika mashine kwa mara ya kwanza wanasema hawauelewi, na wahasibu wanalalamika kwamba unawachosha kwa mambo wanayoyajua. Je, niandike miongozo miwili?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, kitabu kinaweza kubaki kimoja, lakini sura moja haiwezi kuwahudumia watu hawa wawili kwa pamoja. Mgeni anahitaji kushikwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali mhasibu hufungua mwongozo akiwa na swali moja, pengine mteja amesimama mbele yake, naye anataka jibu bila kupitia utangulizi.

Sehemu ya kwanza, basi, imfuate mwenye duka katika siku moja ya kazi: kuwasha mashine, kuweka karatasi, kutoa risiti ya kwanza, na kutoa ripoti ya Z, yaani muhtasari wa mauzo ya siku, wakati wa kufunga. Yasiyohitajika siku hiyo yangoje. Hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi zaidi, kwa sababu mara nyingi kinachomkwamisha mgeni ni jambo dogo ambalo mzoefu amekwisha kusahau kwamba naye aliwahi kujifunza. Karatasi ya risiti haitumii wino. Huandikika kwa joto, tena upande mmoja tu, kwa hiyo aliyeigeuza atapata risiti nyeupe na kudhani mashine imeharibika. Mwambie, palepale kwenye hatua ya kuweka karatasi, aikwaruze kwa ukucha: upande unaoacha alama nyeusi ndio unaochapika. John Carroll, aliyewachunguza watu waliokuwa wakijifunza kompyuta katika kampuni ya IBM nchini Marekani miaka ya 1980, aliona kwamba wengi huanza kubonyeza kabla ya kumaliza kusoma, ndiyo maana alitetea miongozo mifupi inayomwonyesha mtu namna ya kujinasua anapokosea.

Sehemu ya pili iwe ya kurejelea: vitufe, ripoti na ujumbe wa makosa, kila kipengele kikijitosheleza. Majina yawe yaleyale kote. Ukiandika “ripoti ya Z” mbele na “ripoti ya kufunga siku” nyuma, anayeanza kuzoea atadhani ni vitu viwili.

Kabla ya kuchapa, mpe mwongozo mtu asiyewahi kuishika mashine, keti kando yake bila kusema neno, na uandike kila mahali kidole chake kinaposita.