Fremu ya zamani ya titani: usiiuze mkuu, ijenge iwe ya mizunguko ya kila siku

Mkuu uliyeuliza kuhusu ile fremu ya mauntenibaiki (baiskeli ya milimani) ya titani, ile metali nyepesi isiyoota kutu, ya miaka ya 90 uliyoipata Dar, kwamba uijenge ya kwendea sokoni na kazini au uwauzie wanaokusanya vitu vya zamani, mimi nasema ijenge. Nipo Sheffield huku Uingereza, mji wa milima mitupu, na baiskeli yangu ya kila siku ni Litespeed Ocoee ya zamani, zile zilizotengenezwa Tennessee kule Marekani. Niliinunua fremu tupu kwa mtu nikaijenga mwenyewe jioni jioni nikitoka kazini. Huku majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi barafu isigande, baiskeli za chuma zinaliwa vibaya sana, hii nikifika naisuuza maji tu basi. Na wewe unasema unakaa Kigamboni, upepo wa bahari huo kila siku, sasa hapo titani ndiyo mahali pake.

Ila kabla hujanunua hata nati moja hakikisha ni titani, tena titani yote. Chukua sumaku, hata ya spika mbovu, ipitishe bomba moja moja mpaka yale membamba ya nyuma yanayoshika tairi. Titani haishiki sumaku kabisa. Ikishika nyuma tu ujue una fremu mchanganyiko, mfano Raleigh M-Trax, zile mabomba ya mbele ni titani yamegandishwa kwa gundi kwenye viungio vya chuma na nyuma ni chuma. Sio mbaya, watu wanaziendesha hadi leo, lakini hicho chuma kitaota kutu kama kawaida na pale penye gundi lazima upakague vizuri. Alumini nayo haishiki sumaku, kwa hiyo angalia na maungio: titani nzuri ina mshono mwembamba, mawimbi yake yamelaliana kama sarafu ulizozipanga kwa mkono, alumini nyingi mshono wake ni mnene.

Halafu nyufa. Osha fremu, ifute na spiriti, washa tochi uimulike kwa ubavu sio moja kwa moja, na upitishe ukucha taratibu. Pa kuangalia sana ni chini ya shingo pale bomba kubwa linapoanzia, kuzunguka beringi za pedali (sio za ndani ya pedali zenyewe, nasema zile za katikati chini ya fremu, "bottom bracket"), na juu kabisa pale siti inapobanwa. Ukikuta ufa usimpelekee fundi wa mageti hata awe hodari vipi, maana titani ikiwa ya moto ikikutana na hewa inanyonya oksijeni inakuwa ngumu halafu inakatika, wanaojua wanachomelea kwa TIG, yaani kwa umeme huku gesi ikikinga hewa, na wanajaza gesi ya argoni mpaka ndani ya bomba.

Kitu kinachoua fremu hizi wakati zenyewe hazina kosa ni nguzo ya siti. Nguzo nyingi ni alumini, na alumini ikigusana na titani penye maji ya chumvi inayoliwa ni alumini, inatoa unga mweupe, unavimba na kunata ndani ya bomba mpaka huwezi kuichomoa. Kwa hiyo paka grisi ya shaba, uliza maduka ya spea za magari, paka ya kutosha, na kila baada ya muda ichomoe, ifute, upake upya. Hiyo grisi paka na kwenye nyuzi zote za beringi za pedali, na kumbuka upande wa kulia nyuzi zinafunguka kinyume. Saizi ya nguzo pima kwa vanieri (kile kipimo cha kubana) sio kwa macho, kuna milimita 26.8, 27.0 na 27.2, tofauti ni kiduchu lakini ukilazimisha unapasua bomba.

Vingine vyote chukua vya kawaida, na hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Fremu itakaa kuliko kila kitu utakachofunga juu yake, sasa cheni, sproketi, breki na tairi ziwe zile ambazo ukiharibikiwa Mbagala unapata Mbagala. Rimu za inchi 26 zimejaa kwenye mitumba. Habu ya nyuma (kitovu cha tairi), nyingi za miaka ile upana wake ni milimita 135, pima. Mbele weka gia moja tu, mimi natumia meno 36 na nyuma 11 mpaka 34 kwa sababu ya milima, Dar tambarare hata 38 utaisukuma vizuri. Breki weka vi-breki (V-brake, zile zenye mikono mirefu miwili inayobana rimu), zinaingia kwenye vishikio vilevile vya kantileva, yaani breki za zamani za rimu, LAKINI badilisha na mikono ya breki, ile ya zamani inavuta waya mfupi, unakuta mkono umeshafika kwenye usukani na tairi bado linazunguka. Usikubali kuuziwa foki ndefu ya springi za kisasa, inainua mbele na usukani unakuwa mzito kukata kona, foki ngumu ya chuma inatosha sana ukiweka tairi nene laini za inchi 2.0 zisizo na meno, ila hakikisha kwanza zinapita bila kugusa fremu.

Keria na madigadi utakuta hamna matundu, maana hizi zilikuwa za mashindano. Usitoboe! Tumia klipu za bomba zenye raba ndani.

Mikwaruzo isikutishe, ile ya kijivu isiyo na rangi unaisugua na skochibraiti kwa kufuata mkondo mmoja inapotea. Pima nguzo, upana wa nyuma na upana wa pale beringi za pedali zinapoingia, kama ni milimita 68 au 73, weka hapa tujue ununue nini kwanza.