Jibu: Kinu cha nyuklia chataka jenereta ya dizeli ya nini?

Yakhe, swali lako zuri. Kinu hata kikizimwa, fueli huendelea kutoa joto, na pampu za kupoza zataka stima kutoka nje. Gridi ikikatika, dizeli ndizo tegemeo. Vituo vingi vya Marekani, jenereta sharti iwe tayari kubeba mzigo ndani ya sekunde 10 hivi, na hujaribiwa kila mwezi. Si kama zetu hapa Mombasa, stima ipotee ndipo betri ionekane imekufa! Kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, 2011, jenereta ziliwaka vizuri. Maji ya tsunami ndiyo yaliyozizima, maana nyingi zilikuwa vyumba vya chini. Moja ya kinu cha 6, inayopozwa kwa hewa, iliendelea. Kinu kikijengwa pwani, mimi ningemuuliza mdhibiti wa nyuklia kwanza: jenereta zitakaa kimo gani?