Darubini ya kuangalia wanyama giza likianza kuingia: 8x42 au 10x42?

Mkuu, umeuliza uchukue 8x42 au 10x42 kwa kazi ya kuongoza wageni, na muuzaji kakuambia inayokuza zaidi ndiyo inayoona zaidi gizani. Ukweli upo, ila nusu.

Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni 5.25, 42 kwa 10 ni 4.2. Hicho ndicho kipenyo, kwa milimita, cha mwanga unaofika jichoni. Ishike darubini mbali kidogo na uso, ielekeze angani, utaviona viduara viwili vyeupe. Gizani mboni ya kijana hufunguka hadi milimita 7 hivi; ya mzee mara nyingi haifiki hata 5. Kwa hiyo ile 7x50 ya mabaharia, mgeni mstaafu haifaidi yote, mwanga mwingine unabaki nje ya mboni. Jua kali la mchana mboni inabana hadi milimita 2 au 3, ndiyo maana dukani zote zinaonekana sawa, hata kale ka 10x25.

Sasa njoo Seronera, katikati ya Serengeti, jioni, chui yuko juu ya mti. Huku kwetu jua likizama, ndani ya nusu saa hivi hakuna cha kuona. Muda huo 8x42 inanipa picha ang'avu zaidi, lakini 10x42 ikitulia inaweza kutoa madoa ambayo 8 imeyaficha, kwa sababu ukubwa wa picha nao hulisaidia jicho. Neno lenyewe ni hilo: ikitulia. Kwenye gari wageni hawaishi kuhama viti, 10 inatetemeka na faida yote inapotea. Mimi nabaki na 8x42.

Usisahau vioo. Uso mmoja wa kioo kisichopakwa utando hupoteza kama 4% ya mwanga, na ndani ya darubini nyuso zinapita kumi. Dai iliyopakwa tabaka nyingi kwenye nyuso zote. Kwa hela ndogo, zile za mabega mapana huwa na mwanga kuliko za mirija iliyonyooka za bei hiyo hiyo, ila nyingi hazijazibwa vizuri, na vumbi la mbugani unalijua.

Kabla ya kulipa, omba uzitoe nje saa kumi na mbili na nusu jioni, uchungulie chini ya mti wenye kivuli kizito. Taa ya barabarani iepuke, itakubana mboni.