Kabla ya kuishangilia Tiro, fungueni Ezekieli sura ya 29

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama unabii wa Biblia juu ya kuanguka kwa mataifa adui ulitimia. Majibu mepesi wahubiri wanayo mfukoni: Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, ulitekwa na Wababeli na Wamedi mwaka 612 KK, kwa hiyo nabii Nahumu, aliyetabiri anguko lake, alisema kweli. Linalonikera mimi ni zile shangwe. Ashuru haijatukosea lolote sisi, mbona tunasoma kama mashabiki waliotoka uwanjani? Ingekuwa amri yangu, Nahumu asingesomwa kanisani.

Kulikuwa na semina ya Neno hapa Nakuru. Mhubiri mgeni alifundisha Ezekieli 26: Tiro, mji wa kale wa pwani, itakuwa mwamba mtupu, mahali pa kutandaza nyavu, wala haitajengwa tena. Akaeleza vizuri sana jinsi Alexander Mkuu, mwaka 332 KK, alivyojaza bahari kwa vifusi vya mji wa bara hadi akaufikia mji wa kisiwani. Kisha akataja taifa ambalo kwake ndilo Tiro ya leo (silitaji), makofi yakalipuka, kinanda kikaitikia.

Wakati wa maswali akasimama dada aliyewahi kufanya kazi za nyumbani Lebanon. Kwa adabu kabisa akasema, "Mtumishi, Tiro naijua. Wenyewe wanaiita Sur. Mwajiri wangu alikuwa na ndugu huko, na vyombo nilikuwa naviosha mimi. Watu wamejaa tele." Mhubiri akasema hiyo ni Tiro nyingine. Dada akaongeza kwamba ina bandari ya wavuvi na nyavu ameziona. Hapo nusu ya ukumbi wakapiga vigelegele, si umetimia! Nusu wakamwambia aketi. Mama mmoja nyuma akauliza kama alilipwa. Miezi ya mwisho hakulipwa.

Mzee wa kanisa ndiye aliyetufungulia Ezekieli 29:18. Nebukadreza, mfalme wa Babeli ambaye sura ya 26 ilisema ndiye ataiangusha Tiro, alilitumikisha jeshi lake juu ya mji huo hadi vichwa vikaota upara na mabega yakachubuka, na ujira hawakupata. Ni nabii yuleyule, miaka kama 16 baadaye, na sasa Babeli inaahidiwa Misri badala yake. Dada akaomba asomewe tena.

Hapo ndipo msimamo wangu unalegea. Nahumu hakuandikiwa mashabiki. Mwaka 701 KK Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliuteka mji wa Lakishi wa Yuda, akaichonga kwenye kuta za jumba lake Ninawi, mateka wakiwa wametundikwa mitini. Mawe hayo yako British Museum. Watu waliopitia hayo wana haki na mstari wa mwisho wa Nahumu, unaosema wote watakaosikia habari za Ninawi watapiga makofi.

Basi asomwe, ila na walioonewa, tena wasiishie hapo bila Yona, ambako Mungu anawahurumia watu zaidi ya 120,000 wa Ninawi huohuo, na wanyama wao. Shida ni kwamba mhubiri wetu naye alijiona ameonewa, na sijui mlangoni tutamkagua nani, kwa kipimo gani.

Msomaji, Nakuru